Afya Nyumbani: Jino Bovu Laweza Kufika Kifuani

Juma hili yafaa tuzungumze habari ya ugonjwa ambao watu wengi huudharau, nao ni ugonjwa wa jino. Mtu akishikwa na malaria, jamaa zake hukusanyika. Akivunjika mguu, vijana huacha majembe wakambeba. Lakini akiumwa na jino huambiwa, "Pole, ni jino tu," kisha kila mmoja huenda zake. Maneno hayo ya "ni jino tu" yamekwisha kuwapeleka watu kaburini.

Maana jino bovu hutoa usaha, na usaha huo waweza kushuka shingoni, ukaingia kifuani, ukafika mahali ulipo moyo. Sisemi kwamba haya hutokea kila siku. Meno mengi mabovu huishia kwa maumivu na kung'olewa tu. Lakini yanapotokea, hutokea upesi sana. Mtu aliyekuwa akilima shamba lake Jumatatu aweza kuwa mahututi kabla ya Jumapili.

Basi nataka baba na mama wa kila nyumba wajue mambo matatu: jinsi ugonjwa unavyosafiri toka jinoni mpaka kifuani, dalili zake njiani, na la kufanya zionekanapo.

JINO LINAVYOOZA

Jino laonekana gumu kama jiwe, lakini ndani yake mna uwazi mdogo wenye nyama laini, mishipa ya damu na mshipa wa fahamu. Mishipa hiyo huingia kwa tundu dogo lililo kwenye ncha ya mzizi. Sasa, kinywani mwa kila mtu mna vijidudu. Vijidudu hivyo vikipata sukari hutoa uchachu, na uchachu huo humomonyoa jino kidogo kidogo mpaka likatoboka. Wazee walisema kuna mdudu anayetafuna jino. Walikuwa na haki kuona kwamba jino laliwa, lakini anayelila haonekani kwa macho, wala moshi wa dawa hauwezi kumtoa.

Tundu likifika kwenye ile nyama laini, ndipo maumivu makali huanza, hasa usiku. Baada ya siku kadhaa, pengine majuma, maumivu hukoma ghafula. Mwenye jino hufurahi akasema, "Nimepona." Kumbe hakupona. Kilichokoma ni uhai wa jino lenyewe. Mshipa wa fahamu umekufa, basi hakuna wa kulalamika tena.

Hapa yafaa tuelewe vizuri. Askari wa mwili wetu husafiri ndani ya damu, na dawa tunazomeza husafiri ndani ya damu vilevile. Jino lililokufa haliingiwi na damu. Kwa hiyo vijidudu vimepata nyumba isiyo na mlinzi, na vidonge vya dukani haviwezi kubisha hodi humo. Ndiyo maana mtu humeza dawa akapata nafuu, na baada ya mwezi uvimbe hurudi. Dawa iliua vijidudu vilivyotoka nje, lakini viota vyao viko palepale.

Toka ndani ya jino, vijidudu hupenya kwenye ncha ya mzizi, mfupa wa taya ukaliwa, usaha ukajikusanya. Usaha hutafuta njia iliyo nyepesi. Mara nyingi hutokea ufizini kama kipele, kikapasuka, mgonjwa akaonja ladha mbaya, kisha akaona nafuu. Lakini magego ya nyuma ya taya la chini yana shida yake. Mizizi yake ni mirefu, na ncha zake ziko chini ya mahali pale ambapo msuli wa sakafu ya kinywa umeshikamana na taya. Usaha ukitoboa mfupa kwa upande wa ndani hauingii kinywani, bali waingia chini ya taya. Hapo ndipo safari ya hatari huanza.

SHINGO NI KAMA MGOMBA

Mkulima aliyewahi kukata mgomba ajua kwamba shina lake si kitu kimoja kama gogo la mwembe. Ni maganda marefu yaliyofungana, moja juu ya jingine, na kati yake mna utelezi. Ukimimina maji juu, hayakai pale. Hupita katikati ya maganda yakashuka mpaka chini.

Shingo ya binadamu ni karibu hivyo. Misuli, koo la chakula, koo la hewa na mishipa mikubwa ya damu vimevikwa ngozi nyembamba za ndani, na kati ya ngozi hizo mna nafasi. Nafasi mojawapo iliyo nyuma ya koo hushuka moja kwa moja mpaka kifuani, katikati ya mapafu mawili. Hapana mlango wa kuufungia usaha. Huvutwa chini kwa uzito wake, tena kila mtu avutapo pumzi, kifua nacho hunyonya.

Hatua ya kwanza ya safari hiyo ni shingo. Mwaka 1836 daktari mmoja wa mji wa Stuttgart, Ujerumani, jina lake Wilhelm Friedrich von Ludwig, aliandika habari za wagonjwa ambao chini ya taya zao palivimba pakawa pagumu kama ubao. Ulimi uliinuliwa juu, wakashindwa kumeza, na mwisho wakashindwa kupumua. Mpaka leo madaktari huuita ugonjwa huo kwa jina lake, anjina ya Ludwig, na neno hilo anjina latokana na neno la Kilatini lenye maana ya kukaba. Zamani, kabla ya penisilini kupatikana, zaidi ya nusu ya waliopatwa walikufa. Leo wengi wa wanaofika hospitali mapema hupona. Lakini asili ya ugonjwa haikubadilika: mara nyingi sana ni gego la chini lililoachwa bila kutibiwa.

USAHA UKIFIKA KIFUANI

Hatua ya pili ni kifua chenyewe. Usaha ukifika katikati ya mapafu hauna tena mahali pa kutokea. Vijidudu vyake ni vya namna nyingi pamoja, na vingine havihitaji hewa ili viishi. Huozesha nyama, hutoa hewa yenye kunuka, humwaga sumu katika damu. Mfuko unaouzunguka moyo waweza kujaa maji au usaha, na kadhalika nafasi iliyo kati ya pafu na mbavu. Mgonjwa huumwa kifua, hasa avutapo pumzi. Hupumua mbio mbio, homa humpanda, moyo hupiga kasi, na mwisho nguvu za damu hushuka akapoteza fahamu.

Jambo la kutisha zaidi ni upesi wake. Toka shingo kushikwa mpaka kifua kuingiliwa, mara nyingi ni kama siku 2. Pengine ni nusu siku tu, pengine huzidi juma. Mwaka 1983 madaktari wa Marekani waliochunguza ugonjwa huu waliandika kwamba karibu wagonjwa 4 katika kila 10 hufa. Tangu hapo mambo yamekuwa bora, kwa sababu ya mashine zinazopiga picha za ndani ya mwili kipande kwa kipande na kwa sababu ya kupasua mapema. Hata hivyo, mpaka leo wako wanaokufa hata katika hospitali zenye kila chombo.

Na matibabu yake si madogo. Kwanza madaktari humtafutia mgonjwa njia ya hewa. Hupitisha mpira mpaka ndani ya koo la hewa, au hutoboa tundu shingoni. Kisha hutia dawa kali kwa njia ya mshipa. Halafu hufungua shingo, na pengine kifua, wakaosha usaha na kuacha mipira ya kuutoa. Jino lenyewe hung'olewa. Pengine mgonjwa hurudishwa chumba cha upasuaji mara ya pili na ya tatu, akalala hospitali kwa majuma. Kazi kama hiyo haiwezi kufanyika katika zahanati ya kijiji. Yataka hospitali kubwa za rufaa, kama Muhimbili ya Dar es Salaam au Bugando ya Mwanza. Nanyi mwajua ni safari gani toka kwenu mpaka huko.

Linganisheni sasa. Kung'oa gego bovu kabla halijatoa usaha ni kazi ya dakika chache, kwa sindano ya ganzi, na mtu hurudi nyumbani siku ileile. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika habari hii, ukuta hujengwa kwa mali yote ya nyumba.

MFANO WA NYUMBA MOJA

Tuchukue mfano. Si habari ya mtu fulani, ila mambo yake yaweza kuonekana katika kijiji chochote. Baba wa nyumba ana gego la chini lililotoboka tangu mwaka jana. Liliuma, likanyamaza, akalisahau.

Jumatatu laanza tena. Anunua dukani vidonge vya kutuliza maumivu, na vidonge 6 tu vya kuua vijidudu, maana fedha yake ilitosha hivyo. Jumanne shavu lavimba. Jirani mmoja amshauri atie tumbaku katika tundu, mwingine amshauri maji ya betri. Usiku mama yake amkanda kwa kitambaa cha maji ya moto.

Jumatano asubuhi uvimbe umeshuka chini ya taya. Mdomo haufunguki sawasawa, na uji anaunywa kwa shida. Mkewe amtazama, asema, "Baba watoto, twende hospitali leo. Uso huu si ule wa jana."

Naye ajibu, "Mama watoto, nani hung'oa jino na uso umevimba? Wataniua. Acha uvimbe upungue. Tena Jumamosi tutauza mahindi mnadani, tupate nauli."

Mama mzee naye asema, "Mwanangu, jino halijapata kuua mtu katika ukoo wetu."

Alhamisi usiku mgonjwa hawezi kulala chali. Sauti yake imebadilika, asema kama mtu aliyejaza kiazi cha moto kinywani. Mate yamtoka kwa kuwa hawezi kuyameza. Shingo imetuna, yang'aa, ina moto. Ijumaa alfajiri asema kifua chamwuma. Sasa ndipo pikipiki yatafutwa, na mbuzi wauzwa kwa bei ya kutupa kwa sababu muuzaji ana haraka na mnunuzi ajua hivyo.

Hebu tuhesabu milango aliyoipita. Wa kwanza ulikuwa mwaka jana, lile jino lilipouma mara ya kwanza. Wa pili ulikuwa Jumatatu. Wa tatu ulikuwa Jumanne, shavu lilipovimba. Wa nne ulikuwa Jumatano, naye mkewe aliuona, akauonyesha kwa kidole. Siku ile mgonjwa alikuwa bado anameza. Jipu lingeweza kufunguliwa katika hospitali ya wilaya, jino likatolewa, dawa ikatiwa mshipani. Mahindi yangesubiri, wala yasingeoza kwa siku 3.

Kina baba, lishikeni hili. Mke akisema "uso huu si ule wa jana," msihesabu nauli kwanza. Mdharau mwiba mguu huota tende. Na kina mama, baba asipokuwapo nyumbani, msimngoje arudi ndipo mumpeleke mtoto. Chukueni hatua, kisha mpeni habari kwa simu.

DALILI ZA KUTOKA SAA ILEILE

Mtu mwenye jino bovu, au aliyeng'olewa jino juzijuzi, akiwa na mojawapo ya dalili hizi, asilale nyumbani hata usiku mmoja:

1. Uvimbe umeshuka chini ya taya au chini ya kidevu, au umeenea pande zote mbili za shingo.

2. Mdomo haufunguki kama kawaida.

3. Kumeza ni kwa shida, au mate yanamtoka.

4. Ulimi umeinuka, na chini yake pamevimba au pamekuwa pagumu.

5. Sauti imebadilika, au hawezi kulala chali kwa kukosa pumzi.

6. Ngozi ya shingo au ya juu ya kifua imetuna na ina moto. Ukiibonyeza polepole wasikia vitu vidogo vikivunjikavunjika chini ya vidole, ishara kwamba mna hewa ndani.

7. Ana homa ya kutetemeka, anaumwa kifua, anapumua mbio, au anasemasema ovyo.

Kumbukeni kwamba maumivu si kipimo. Pengine maumivu hupungua wakati ule ule uvimbe unapoongezeka, kwa sababu usaha umekwisha kutoboa mfupa na kupata nafasi. Vidonge vya kutuliza navyo huficha homa na maumivu. Basi tazameni uvimbe, kumeza na kupumua.

La kufanya njiani ni hili. Mgonjwa akae wima, wala asilazimishwe kulala chali, maana ulimi na uvimbe vyaweza kumziba pumzi. Asiyeweza kumeza asipewe uji wala dawa ya maji, visije vikaingia mapafuni. Akipanda pikipiki, mtu akae nyuma yake amshike. Kama mna simu ya kituo cha afya, pigeni mapema ili wajue mnakuja. Mkifika, semeni wazi: "Ana jino bovu, uvimbe umeshuka shingoni, hawezi kumeza." Maneno hayo matatu humwamsha mwuguzi kuliko kusema "ana jino." Wakiwaandikia barua ya kwenda hospitali kubwa, endeni toka hapohapo. Msirudi kwanza nyumbani kushauriana na ukoo. Shaurianeni kwa simu mkiwa njiani.

Na ya kuacha ni haya. Msichanje uvimbe kwa wembe. Msikamue. Msikande kwa maji ya moto wala kuchua kwa nguvu. Msitie maji ya betri, mafuta ya taa, wala aspirini iliyosagwa, maana huunguza ufizi na ugonjwa wazidi. Kusukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi hakuna madhara kwa anayeweza kusukutua. Lakini ni msaada wa njiani tu, si tiba.

NJIA NYINGINE MBILI

Njia ya shingo ndiyo ya haraka kuliko zote, lakini jino bovu lina njia nyingine mbili za kufika kifuani.

Njia moja ni ya pumzi. Mtu akilewa sana, au akianguka kifafa, au akipooza, hawezi kulinda koo lake. Mate yenye usaha wa meno na fizi huingia mapafuni bila yeye kujua. Baadaye jipu laweza kufanyika ndani ya pafu. Hukohoa kwa majuma, makohozi hunuka vibaya, hukonda, hutoka jasho usiku. Wengi hudhani ni kifua kikuu. Dalili hizo zafanana kweli, kwa hiyo aende apimwe makohozi na kupigwa picha, naye asisahau kuonyesha meno yake. Wenye ndugu mgonjwa wa kifafa nyumbani wamsafishe kinywa kila siku.

Njia ya tatu ni ya damu. Watoto wengine hupata homa ya viungo baada ya kuumwa koo, na homa hiyo huacha milango ya moyo imeharibika. Vijidudu vya meno na fizi vikiingia katika damu, vyaweza kutua juu ya milango hiyo mibovu na kuila. Mgonjwa huwa na homa ndogo ndogo isiyokwisha, huchoka, huishiwa damu. Basi yeyote aliyeambiwa na daktari kwamba ana ugonjwa wa moyo, amweleze mtibabu wa meno kabla ya kung'olewa jino, ili yeye aamue kama yafaa kumpa dawa kwanza.

MASWALI YA WATU

Watu huuliza: Je, si hatari kung'oa jino wakati uso umevimba? Imani hii imeenea sana, nayo imewachelewesha wengi. Ni kweli kwamba ganzi haifanyi kazi vizuri mahali penye usaha, ndiyo maana mtibabu huidunga mbali kidogo na pale, au mgonjwa hulazwa usingizi hospitalini. Lakini uvimbe si sababu ya kukaa nyumbani. Wajibu wa mtibabu ni kuamua kama atang'oa leo, au atafungua jipu kwanza. Wajibu wa mgonjwa ni kufika mbele yake.

Mwenye mimba je? Aweza kutibiwa jino, kupewa ganzi na kung'olewa, ila amwambie mtibabu kuwa ana mimba na ni ya miezi mingapi, ili achague dawa zifaazo. Usaha ni hatari kwa mama na mtoto kuliko sindano ya ganzi. Asingoje mpaka ajifungue.

Meno ya utotoni je, si yatang'oka yenyewe? Yatang'oka, lakini kabla ya kung'oka yaweza kutoa usaha kama ya watu wazima, na mwili wa mtoto huchoka upesi. Mtoto mwenye homa na shavu lililovimba apelekwe siku ileile.

Ni nani wa kuogopa zaidi? Mwenye kisukari, mwenye virusi vya ukimwi ambaye hatumii dawa, mlevi, na yeyote aliyedhoofika kwa njaa au kwa ugonjwa mwingine. Miili yao haina nguvu za kuuzuia usaha mahali pamoja. Hawa wasingoje hata uvimbe uonekane. Jino likianza kuuma, waende.

Vidonge vya dukani je? Nusu ya dawa ni kama nusu ya daraja. Kama mtibabu amekuandikia, meza kama alivyokuagiza, wala usigawane na jirani. Lakini ujue kwamba vidonge peke yake haviondoi asili ya ugonjwa. Asili ni jino, nalo ama lisafishwe mizizi na kuzibwa, ama ling'olewe.

KINGA NYUMBANI

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa kwamba watu kama bilioni 2 wana meno ya utu uzima yaliyooza bila kutibiwa. Basi msione haya kwamba ni ugonjwa wa kijiji au wa maskini. Sukari imefika kila mahali. Siku hizi hata duka dogo la njia panda lina soda, biskuti na peremende, na watoto hupewa senti wakanunue ili wanyamaze.

Kinga si ya gharama kubwa. Kila mtu wa nyumba apige mswaki mara 2 kwa siku, asubuhi na kabla ya kulala, kwa dawa ya meno yenye floridi. Ule wa usiku msiuache, maana usiku mate hupungua na vijidudu hufanya kazi bila kuzuiwa. Asiye na mswaki wa dukani atumie mswaki wa mti, lakini afike mpaka magego ya mwisho, ndiyo yenye hatari tuliyoisema. Watoto wadogo wapigwe mswaki na mama, baba au dada mkubwa, maana mikono yao haijaweza. Vitu vitamu viliwe pamoja na chakula, si kutafunwa siku kutwa.

Tena fanyeni desturi hii. Mara moja kwa mwezi, pengine Jumapili mchana familia ikiwa pamoja, kaeni mahali penye mwanga, kila mtoto afunue kinywa. Atakayeonekana ana tundu jeusi katika gego, ajulikane, na safari yake ipangwe kabla halijauma. Wazee nao wafunue. Mficha maradhi kilio humfichua.

Hatimaye, wekeni akiba kidogo ya nauli ya ugonjwa, hata kama ni katika kopo, nayo isiguswe kwa jambo jingine. Kama mna bima ya afya, ulizeni mapema matibabu ya meno yamo kiasi gani. Wengi hawakuchelewa kwa ujinga, walichelewa kwa kukosa nauli ya siku ileile.

Someni habari hii kwa sauti nyumbani, hasa ile orodha ya dalili 7, ili na wale wasiojua kusoma waisikie. Halafu ikateni mkaibandike ukutani. Na siku mtu wa nyumba yenu atakaposema "ni jino tu," mwambieni afunue kinywa, mpapase chini ya taya lake, mmwombe ameze mate mkiona. Pakiwa na uvimbe, au mate yakikataa kushuka, ondokeni wakati huohuo.